Masika, Tope na Saa: Safari Rally kwa Macho ya Mikindani

Historia ya mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki huandikwa kutoka Nairobi. Si kosa, maana ndiko yalikozaliwa, na Kenya ndiko yaliko hadi leo. Lakini ipo sababu ya kuisimulia kutoka Mikindani, mji mkongwe wa ghubani ambao msafiri atokaye Lindi huupita kilomita kumi hivi kabla ya kuingia Mtwara. Majina ya Tanganyika yaliyozoeleka katika njia ya Safari ni Arusha, Moshi, Lushoto, Mbulu, Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Kusini mwa mto Rufiji huoni jina. Hata hivyo, kilichoyafanya mashindano yale yawe magumu kuliko mengine duniani ndicho hicho hicho watu wa kusini walichoishi nacho miaka yote: barabara ya udongo mvua ikiwa imeshiba. Dereva wa lori la korosho wa miaka ya sabini hakuhitaji kuelezwa kwa nini magari tisini na kitu yanaondoka na saba tu ndiyo yanayorudi.

Habari ya njia mbaya huku kwetu ni ya zamani kuliko gari. Machi 1866 David Livingstone alishukia Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa India, baghala na punda, akitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kubeba mizigo kuelekea bonde la Ruvuma na bara. Njia za miguu zilikuwapo, lakini ngamia ni mrefu na mzigo wake ni mpana, kwa hiyo ikabidi waajiriwe wakata miti wa Kimakonde watangulie na mashoka kufyeka vichaka. Wanyama wale wakadhoofika kwa mapigo na kwa mbung'o, wakafa mmoja baada ya mwingine. Wajerumani wakaja, wakajenga boma lao Mikindani mwaka 1895, jengo jeupe linaloonekana hadi leo juu ya mji. Baada ya Vita vya Pili Waingereza wakaleta mpango wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ukaporomoka mwaka 1951, na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Ilipong'olewa, mzigo wote wa kusini ukarudi barabarani, na barabara ilikuwa tope.

Zama zile za kuporomoka kwa karanga, huko Nairobi, walowezi wawili walikuwa wakizungumzia mchezo. Eric Cecil alikuwa mpenzi wa mashindano ya magari, na binamu yake, Neil Vincent, alikuwa dereva mzuri asiyetaka kuzunguka uwanjani. Kwake kurudia kona zile zile mara hamsini kulikuwa uchoshi mtupu. Alitaka mtu aingie garini, afunge mlango, avuke nusu ya Afrika kisha arudi. Wazo la kwanza likawa kuzunguka Ziwa Viktoria, lakini hali ya barabara wakati wa mvua ikawarudisha nyuma. Mwishowe wakachora njia ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu zilizokuwa chini ya utawala mmoja, ambako kuvuka mpaka kulikuwa jambo jepesi kuliko kuvuka mto.

Mashindano ya kwanza yalianza tarehe 27 Mei 1953 na kumalizika tarehe 1 Juni, siku moja kabla ya Malkia Elizabeth wa Pili kuvishwa taji London. Ndiyo maana yakaitwa Coronation Safari. Jina hilo tusilipite haraka. Wakati magari yale yakipigiwa makofi, Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na maelfu ya Wakikuyu walikuwa wakikamatwa na kufungiwa. Barabara ambazo walowezi walizishindania kwa furaha, watu wengine walizipita wakiwa ndani ya magari ya polisi. Mchezo haukuzuliwa kwa ajili yetu. Tulikuja kuuchukua baadaye, na nitaeleza jinsi tulivyouchukua, lakini lazima ijulikane ulianza kama sherehe ya nani.

Waanzilishi walifanya jambo moja la busara sana. Magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, kama Ulaya, bali kwa bei yake dukani. Mwenye gari la bei rahisi alishindana na mwenye gari la bei rahisi, na gari lilipaswa kuwa lile lile ambalo mtu yeyote angeweza kulinunua. Mwaka wa kwanza hakukutangazwa mshindi mmoja wa wote, ingawa kumbukumbu nyingi humtaja Alan Dix na Volkswagen yake ndogo ya mgongo wa kobe. Mwaka 1954 Vic Preston akashinda kwa Volkswagen kama hiyo, na mwaka uliofuata akashinda tena kwa Ford Zephyr. Mwaka 1956 Eric Cecil mwenyewe, mwenye wazo, akaibuka mshindi kwa gari dogo la DKW. Kisha yakaja magari mazito: Bill Fritschy akashinda 1959 na 1960 kwa Mercedes 219. Mwaka 1960 jina la taji likaondolewa, yakaitwa East African Safari.

Anayedhani Safari ilikuwa mbio za kasi hataielewa. Njia ilikuwa ya kilomita elfu tano au zaidi, ikipitwa kwa siku nne au tano, usiku na mchana. Kila baada ya masafa fulani palikuwa na kituo, na kila gari lilikuwa na muda wake wa kufika hapo. Ukichelewa dakika moja unapata pointi moja ya adhabu, ukichelewa saa mbili unapata pointi mia na ishirini. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Muda wenyewe uliwekwa makusudi ukiwa mfupi kiasi kwamba mahali pengine hakuna binadamu angeweza kuufikia hata juani. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na basi la abiria, lori la mkaa, ng'ombe wa Wamasai na mtoto anayetoka kisimani. Na tarehe ikaja kuwekwa Pasaka, wakati mvua ndefu zinapoanza kufungua madebe.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Kwenye vumbi, mwenye gari lenye nguvu anatangulia. Kwenye udongo mweusi wa mbugani uliolowa, nguvu ni adui: ukikanyaga mafuta magurudumu yanajichimbia kaburi. Anayefika ni yule aliyepunguza upepo kwenye matairi kabla ya kuingia, aliyeshuka kupima kina cha maji kwa miguu yake, anayejua kwamba upande wa nyasi una mizizi inayoshika, na anayejua kijiji kiko umbali gani kama atahitaji watu wa kusukuma. Haya hayafundishwi kiwandani, huja kwa kuishi na barabara. Kwa sababu hiyo, kwa miaka karibu ishirini, madereva bora wa Ulaya walikuja na magari yaliyotayarishwa na viwanda vyao wakashindwa na watu wa Nairobi, Kericho, Kampala na Dar es Salaam.

Mfano unaopendwa zaidi ni wa Erik Carlsson, Msweden, jitu la mtu aliyekwisha kushinda mashindano makubwa ya Ulaya kwa Saab ndogo. Mwaka 1963 alikuwa anaongoza, usiku akamgonga muhanga, mnyama anayechimba mashimo ya mchwa, na gari likaharibika asiweze kumaliza. Mwaka 1964 akarudi. Akanasa topeni mahali ambapo hakukuwa na jinsi ya kulitoa gari mbele wala nyuma. Saab yake ilikuwa nyepesi na ya mviringo. Carlsson na mwenzake wakalishika ubavuni, wakalipindua likalala kwa paa, wakalipindua tena likasimama kwa magurudumu, pembeni mwa shimo, kwenye ardhi ngumu. Wakaingia wakaondoka. Waandishi wa habari waliposikia hawakuamini, basi akaligeuza tena mbele yao. Pamoja na ujasiri wote huo alimaliza wa pili. Aliyeshinda mwaka huo alikuwa Peter Hughes wa Kenya kwa Ford Cortina.

Mwaka 1963 wenyewe ulikuwa wa kwanza kati ya miaka miwili iliyoingia katika simulizi. Magari 84 yaliondoka, saba yakarudi. Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa Peugeot 404. Miaka mitano baadaye, 1968, mvua ikanyesha kana kwamba ina kisasi: magari 93 yakaondoka, na yaliyofika yakawa saba tena. Mshindi? Nowicki na Cliff, na Peugeot 404 tena. Wale waliomaliza miaka hiyo miwili wakabandikwa jina la Saba Wasiozama. Hebu fikiria magari themanini na sita yametapakaa katika nchi tatu, mengine mitoni, mengine yamevunjika springi Mbulu, mengine yanasubiri trekta mahali ambapo trekta lenyewe limezama.

Mbulu, kwa upande wetu wa Tanzania, ndiyo iliyowatia watu hofu. Njia ilipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka upande wa Ziwa Manyara, kona kali moja juu ya nyingine, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa tupu. Ikilowa, gari linapanda likirudi nyuma. Usambara nako, barabara za Lushoto zilikuwa nyembamba, zenye utelezi na ukungu wa alfajiri. Picha za miaka hiyo zinaonyesha kitu kimoja karibu kila mahali: gari la kizungu katikati, na kandokando yake Waafrika kumi, kumi na tano, wamekanyaga tope hadi magotini, mabega yameegemea bodi. Hao ndio waliozifikisha nyingi ya gari hizo kwenye kituo kilichofuata. Wengine walilipwa shilingi kadhaa, wengine hawakulipwa kitu. Majina yao hayamo katika orodha yoyote ya washindi, na mimi naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko yote katika historia hii. Dereva na mwenzake walitajwa. Mikono iliyowatoa shimoni haikutajwa.

Mtu wa kwanza aliyeyafanya mashindano haya yawe ya watu wa Afrika Mashariki kwa moyo alikuwa Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932 katika familia ya Kisikh, akawa fundi magari. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliondoka na namba moja mlangoni, wakiendesha Volvo PV544. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na kiwanda katika mashindano ya Ulaya, likauzwa kama mtumba, na akina Singh wakalifungua, wakalisuka upya kwa mikono yao. Walishinda na kuwaacha wengine mbali. Kenya ilikuwa huru mwaka mmoja na miezi michache tu. Kuona fundi wa Kiasia aliyezaliwa mashambani Kericho akiwashinda walowezi na Wazungu wa viwandani kulibadilisha namna watu walivyoutazama mchezo. Joginder akaitwa Simba wa Kenya. Alishinda tena 1974 na 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer akiwa na David Doig, na kwa Safari ishirini na mbili alizoanza, kumi na tisa alizimaliza. Mimi hiyo kumi na tisa ndiyo inayonistaajabisha kuliko vikombe. Alifariki London mwaka 2013.

Baada ya Volvo ya akina Singh zikaja zamu mbili za Tanzania, na hizi ndizo zinazosahauliwa kwetu. Mwaka 1966 na tena 1967, kombe lilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kwa Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskoti kwa kuzaliwa, lakini maskani na kazi yake vilikuwa Dar es Salaam, katika kampuni ya Tanganyika Motors iliyouza Peugeot. Aliifahamu njia ya Dar kwenda Morogoro na Dodoma jinsi dereva wa basi anavyoifahamu. Wakati ule Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na mashindano yalikuja wiki chache baadaye. Nchi ikizungumza kujitegemea, gari lililotayarishwa na mafundi wa Dar likawashinda wa kila mahali. Peugeot 404 ilikuwa na sifa tatu zilizolingana na nchi yetu: ilikuwa juu, springi zake zilikuwa ndefu na laini bila kulegea, na fundi wa kawaida aliweza kuitengeneza kando ya barabara. Watu wakaona, wakanunua. Ukiuliza kwa nini 404 na mdogo wake 504 zilijaa katika miji ya Tanzania zikibeba abiria, jibu moja liko katika miaka hiyo ya Safari.

Wajapani walilielewa somo hilo mapema. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Ujerumani, akashinda kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 akashinda tena kwa Datsun 240Z, yeye na Hans Schüller. Kabla ya hapo wengi waliyadharau magari ya Kijapani kuwa bati tupu. Baada ya hapo pikapu za Datsun zilionekana sokoni, hospitalini na shambani kote Afrika Mashariki. Kampuni zilijua kwamba tangazo la gazeti halimshawishi mkulima, lakini gari lililotoka topeni mbele ya macho yake linamshawishi.

Mwaka 1972 ukuta ukavunjika. Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden wakashinda kwa Ford Escort, wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kulitwaa kombe tangu 1953. Hawakushinda kwa kubahatisha. Ford walikuja wiki nyingi kabla, wakaipita njia tena na tena, wakaandika kila shimo kwenye daftari, wakaweka magari ya mafundi kila mahali. Maarifa ambayo mwenyeji aliyapata kwa kuishi hapa, wao waliyanunua kwa fedha na muda. Toka hapo Safari ikawa na sura mbili: mwenyeji mwenye uzoefu na kiwanda chenye mfuko.

Mwaka huo huo Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Miongoni mwa walioondoka alikuwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945. Akahamia Kenya, na Pasaka iliyofuata, 1973, akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Mwaka huo ndio mashindano haya yalipoingia katika ubingwa wa dunia uliokuwa ndio kwanza umeanzishwa, na matokeo yake yalikuwa ya ajabu: Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu. Ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu yoyote, na huyo alikuwa Mehta. Alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake wala baada yake. Rauno Aaltonen wa Finland, dereva wa daraja la juu kabisa, alimaliza wa pili mara kadhaa na hakuwahi kushinda. Mehta alifariki 2006. Hadi leo hakuna mwenye vikombe vitano vya Safari ya ubingwa wa dunia isipokuwa yeye, mkimbizi wa Kampala.

Sasa nifike palipo na uchungu wa upande wetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilianza kupasuka mapema. Amin aliharibu upande wa Uganda, na Nairobi na Dar es Salaam zikaanza kuvutana kuhusu ujamaa, ndege, reli na fedha. Mashindano yaliyokuwa ya nchi tatu yakasinyaa, na katikati ya miaka ya sabini njia ikabaki ndani ya Kenya peke yake. Mwaka 1975 neno Afrika Mashariki halikuwamo tena katika jina. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukabaki hivyo hadi 1983. Watu huorodhesha mali zilizogawanywa wakati ule, mabehewa, meli na ndege. Safari haikuorodheshwa, lakini nayo ilikuwa mali ya pamoja, na Tanzania ikaipoteza bila kikao wala hati. Mbulu ikawa barabara ya Mbulu tu.

Kenya iliyatunza vizuri kwa muda mrefu. Björn Waldegård alishinda mwaka wa tope wa 1977, akaongeza 1984, 1986 na 1990. Toyota wakatawala. Helikopta zikaanza kutangulia magari kumwonya dereva kuhusu ng'ombe na malori, taa za ziada zikafungwa pande zote za boneti, na vyuma vizito vikawekwa mbele kwa ajili ya wanyama. Mwaka 1994 Ian Duncan, mzaliwa wa Kenya, alishinda kwa Toyota Celica, na Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru. Njiru alikuwa ishara ya mabadiliko: dereva Mwafrika mweusi sasa aliketi nyuma ya usukani, na si nyuma ya gari akisukuma. Miaka mitano baadaye, Charles Muhangi wa Uganda akawa bingwa wa Afrika.

Miaka ya mwisho ya kipindi kile niipite haraka. Ulaya ilitaka mashindano mafupi yanayoonekana vizuri kwenye televisheni, njia iliyofungwa, na helikopta zisitumike. Safari ilipunguzwa, ikapunguzwa tena. Colin McRae wa Uskoti alishinda 1997, 1999 na 2002, na baada ya ushindi wake wa tatu Safari ikaondolewa katika ubingwa wa dunia kwa sababu za fedha na maandalizi. Ikabaki ya bara la Afrika. Mwaka 2003 wapenzi wa zamani wakaanzisha mbio za magari ya kale kwa kumbukumbu ya miaka hamsini, na hizo zikapita tena Tanzania, magari ya babu yakitimua vumbi kwenye njia zilizosahauliwa.

Ubingwa wa dunia ulirudi Kenya Juni 2021, baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa ajili ya korona. Kituo kikawa Naivasha, na kilomita za kushindania zikawa 320 hivi, katika njia zilizofungwa za mashamba na hifadhi. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliongoza hadi siku ya mwisho, gari likavunjika upande wa springi, na Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda mbele ya Mjapani Takamoto Katsuta. Kati ya vijana wa Kenya waliokuwamo ni McRae Kimathi, aliyepewa jina la bingwa yule Mskoti. Toyota walishinda miaka yote mitano kuanzia 2021 hadi 2025, na mwaka 2025, Elfyn Evans aliposhinda, tarehe zilikuwa zimerudishwa Machi. Mvua ilinyesha. Madereva waliozoea vumbi la Juni walikutana na kitu ambacho Joginder alikijua kwa majina yake yote.

Huku kwetu, wakati Kenya ikipoteza na kupata tena, tulikuwa na Safari yetu isiyo na kombe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi. Kwa muda mrefu mvua za kusini, zinazoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, ziliifunga barabara hiyo, na mwenye haraka alisubiri meli. Kiini cha taabu kilikuwa Rufiji. Pale Ndundu malori yalipanga foleni ya pantoni, na mto ukijaa pantoni haikufanya kazi. Ngoja nikueleze jinsi gari lilivyopanda. Utingo alitangulia na gogo mkononi. Dereva aliingiza gia ya kwanza, akaliachia lori lishuke ukingo wa tope polepole, injini ikilishikilia kuliko breki, kwa sababu breki ikishika kwenye utelezi lori linakwenda lenyewe mtoni. Magurudumu ya mbele yakigusa bati la pantoni na kuanza kupanda, utingo alitupia gogo nyuma ya tairi la nyuma, akaliondoa, akalitupia tena, hatua kwa hatua, mpaka mzigo wote ukawa juu. Hakuna aliyeshika saa. Lakini dereva aliyefikisha korosho bandarini Mtwara bila kuvunja ekseli alikuwa amemaliza kipande ambacho Carlsson angekiheshimu.

Agosti 2003 daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa juu ya Rufiji. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichelewa kupata lami kwa miaka mingine zaidi ya kumi, na basi lililoshinda usiku mzima pale halikuwa habari. Leo safari ni ya siku moja. Lakini Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, Lindi na Mtwara zilitengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa, abiria wakilala ndani ya mabasi na malori yakipanga foleni kama zama za pantoni.

Nina pendekezo, na ninalitoa kwa dhati kwa chama cha magari na kwa mkoa. Tanzania ina mashindano yake ya kitaifa, yanayofanyika zaidi mikoa ya kaskazini, Pwani, Morogoro na Iringa. Yaletwe kusini. Njia ipo. Ianzie Mikindani, chini ya boma, ipande kwenye uwanda wa Wamakonde kupitia Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, iteremke genge kuelekea bonde la Ruvuma, ipande tena na kutokea Masasi. Barabara kuu ya Mtwara, Newala na Masasi, kilomita 210, inawekwa lami, na hakuna anayestahili kuomba ichelewe hata siku moja kwa ajili ya mchezo, maana wajawazito na wagonjwa wanaihitaji. Lakini pembeni mwake ziko njia za mashamba ya korosho, mchanga mwekundu juani na utelezi mvua inaponyesha, ambazo zitabaki za udongo muda mrefu. Zifungwe kwa siku mbili baada ya msimu wa korosho, vijiji vilipwe, na vijana wake waajiriwe kulinda njia na kutoa magari yaliyokwama, kwa majina yao na kwa malipo yaliyoandikwa.

Na magari yagawanywe kwa bei, kama mwaka 1953. Gari la mashindano la siku hizi ni la mamilioni mengi, halifikiki kwa fundi wa Mtwara. Lakini Probox au IST iliyokwishatembea inapatikana, na mafundi wa kuzisuka tunao Mtwara, Masasi na Newala, watu ambao kila wiki huzirudisha barabarani gari zilizokwisha kukatiwa tamaa. Wapewe daraja lao, muda wao na kombe lao, na dereva akae na msoma njia wake kutoka kijiji hicho hicho.